Kozi za bure mtandaoni: zipi ni bure kweli, na mtu mwenye bando dogo azisomeje?

Chilonwa_Kati ameandika:

Wakuu, mbukwenyi. Naomba mwongozo wa wanaojua haya mambo kwa undani.

Kuna vijana wawili wanataka kujisomea mtandaoni. Wa kwanza amemaliza kidato cha sita, anasubiri chuo, anataka misingi ya kompyuta, Python (lugha ya kuandikia programu) na takwimu. Wa pili yuko kidato cha tatu, anasoma Fizikia, Kemia na Baiolojia katika shule ya kata ambayo maabara yake haina vifaa vya kutosha.

Vifaa vilivyopo: simu moja ya Android ya GB 32 (zimebaki kama GB 11), na kompyuta ya zamani yenye Windows 10 na RAM ya GB 4. Tupo Chamwino vijijini, intaneti ni bando la simu tu na usiku ndiyo inakuwa na kasi kidogo. Dodoma mjini mtu anafika Jumamosi, huko anaweza kupata waifai kwa saa mbili tatu.

Maswali:
1. Kozi zipi ni bure kuanzia mwanzo hadi mwisho? Nyingi ukifika katikati zinadai kadi ya benki.
2. Kipi kipakuliwe mjini ili wiki nzima wasome bila bando?
3. Huyu wa kidato cha tatu atumie nini kinachoendana na mtaala wetu?

---

Mkutubi_Makulu amejibu:

Mkuu, kabla ya kujisajili popote kagua vitu vinne, kwa sababu kila kimoja kinaweza kulipiwa peke yake: masomo yenyewe, mazoezi yanayosahihishwa, muda wa kuruhusiwa kusoma, na cheti. Tovuti nyingi zinatoa masomo bure halafu zinafungia hayo mengine matatu. Mtu anafika wiki ya tatu, anakuta jaribio limefungwa kwa alama ya kufuli, anakata tamaa wakati somo lenyewe bado liko wazi.

Zilizo wazi kuliko zote ni MIT OpenCourseWare. Chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza mpango huo mwaka 2001, na leo kuna zaidi ya kozi 2,500. Hakuna kujisajili, hakuna tarehe ya mwisho, na hakuna cheti. Kila kozi ina kitufe cha kupakua furushi zima la zip: notisi, mazoezi, mitihani, mara nyingi na majibu yake. Video hazimo ndani ya zip, zinapakuliwa moja moja, na hilo ni jema kwenu maana notisi za muhula mzima zinaweza kuwa nyepesi kuliko video moja. Kwa Python atafute kozi namba 6.0001, na kwa hisabati ya matriksi 18.06 ya Gilbert Strang.

OpenLearn ya The Open University ya Uingereza ni ndogo ndogo, nyingi za saa chache hadi ishirini na kitu. Faida yake kwa kijijini ni kwamba kozi inapakuliwa kama PDF, Word au ePub, na akimaliza anapewa taarifa ya ushiriki bila kulipa. Jaribio lenyewe inabidi alifanye akiwa na mtandao.

Saylor Academy ni bure pamoja na cheti. Kuna mtihani wa mwisho, unatakiwa upate asilimia 70. Mazingira yake ni ya maandishi zaidi kuliko video. Kwangu hiyo ni sifa, sio kasoro.

Kwa kompyuta, CS50x ya Harvard ndiyo ningemwelekeza kijana wa kidato cha sita. Hapa watu wengi wanapotea: kozi hiyohiyo iko kwenye edX, na cheti cha edX kinalipiwa. Lakini ukiingia kwenye tovuti ya CS50 yenyewe, ile ya cs50.harvard.edu, ukafanya kazi zote na mradi wa mwisho, wanakupa cheti chao bila malipo. Anatakiwa awe na akaunti ya GitHub (tovuti ya kuhifadhi programu unazoandika), kazi zinatumwa kupitia huko, na tarehe ya mwisho ya kila mwaka ni Desemba 31. Ukurasa wa kila mhadhara una video, sauti peke yake, manukuu ya maandishi na slaidi. Mhadhara mmoja ni kama saa mbili, kwa hiyo apakue sauti na slaidi, video aache zile chache zenye maonyesho. Wana mfumo wa kugundua kazi zilizonakiliwa, na sheria zao za uaminifu ni kali. Asitafute majibu YouTube.

freeCodeCamp nayo ni bure yote, vyeti vikiwemo, tangu ilipoanza mwaka 2014. Kasoro kwenu: mazoezi yanafanyika ndani ya kivinjari, kwa hiyo inataka mtandao muda wote, na kwenye simu inachosha sana macho na vidole.

Sasa zile zenye kufuli. edX ilianzishwa 2012 na MIT pamoja na Harvard, sasa inamilikiwa na kampuni ya 2U. Njia ya bure inaitwa "audit": unasoma kwa wiki kadhaa, kisha somo linafungwa, na majaribio ya alama mengi huyaoni kabisa. Akichagua njia hiyo apakue manukuu na PDF zote siku ya kwanza, asisubiri.

Coursera inahitaji uangalifu zaidi. Ukifungua ukurasa wa programu yenye kozi nyingi ndani yake, kitufe kikubwa kinakupeleka kwenye majaribio ya siku saba, na hapo ndipo kadi inapodaiwa. Siku ya nane inakatwa kama hukufuta. Afungue ukurasa wa kozi moja moja, halafu atafute maneno "Financial aid available" karibu na kitufe cha kujiunga. Afanye hivyo kwa kivinjari, si kwa programu ya simu. Fomu inauliza elimu, kipato cha mwaka kwa dola, kiasi anachoweza kulipa, na kwa nini anaitaka kozi. Aandike kwa maneno yake, ataje kozi na anakotaka kuitumia. Sentensi za kunakili mtandaoni hazimsaidii. Majibu huchukua takriban siku 15, na ombi ni kwa kozi moja, sio programu nzima. Kwa hiyo ombi la kozi ya pili litumwe wakati ya kwanza bado inasomwa, vinginevyo atakaa nusu mwezi bila kitu.

Jina aliloandika kwenye akaunti lilingane na la NIDA au vyeti vya NECTA herufi kwa herufi. Cheti kikitoka na jina la utani, kukibadilisha ni usumbufu mtupu.

Kutafuta: acha kuandika "free courses" kwenye Google, utapata kurasa za matangazo tu. Ingia Class Central, ni katalogi ya kozi za tovuti zote, ina kichujio cha zenye cheti cha bure. Na kwa notisi za vyuo andika hivi kwenye Google, pamoja na alama za nukuu: "lecture notes" statistics site:edu filetype:pdf. Badilisha neno la katikati tu kulingana na somo. Ukiweka site:ac.tz badala ya site:edu unapata za vyuo vya Tanzania.

---

Mwl_wa_Kongwa amejibu:

Nijibu la tatu, la kidato cha tatu.

Aanzie kwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Maktaba yao mtandao, ol.tie.go.tz, ina vitabu vya kiada vyenyewe, vilevile vinavyotumika darasani. Tahadhari moja: mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024 kwa awamu, na vitabu vya zamani bado vinazunguka WhatsApp na kwenye maduka ya kuchapisha. Aulize shuleni darasa lake liko mtaala upi, halafu aangalie mwaka kwenye jalada kabla hajasoma sura hata moja. Mada zimehamishwa kati ya vidato, kwa hiyo kitabu kinaweza kuwa kizuri kabisa na bado kisiwe chake.

Cha pili ni tovuti ya NECTA. Watu wanapakua mitihani iliyopita, wanaacha kilicho bora zaidi pembeni yake: taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Zipo kwa kila somo. Kila swali limeelezwa lilitaka nini, wangapi walifanya vizuri, waliokosea walikosea wapi, na kuna picha za majibu halisi, zuri na baya. Mwanafunzi wa Kemia akisoma taarifa za miaka mitatu ataona makosa yaleyale yanajirudia: mlinganyo usiosawazishwa, vizio vimesahaulika, swali limesema "eleza" yeye kaorodhesha. Utaratibu ninaoshauri: ajibu mtihani kwanza kwa muda uleule wa NECTA, bila kitabu, ndipo afungue uchambuzi wa mwaka huo. Akianza na uchambuzi anajidanganya kwamba alikuwa anajua.

Kwa maabara isiyo na vifaa, PhET. Ni ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ilianzishwa 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobeli ya Fizikia. Ni majaribio ya kuigiza: saketi za umeme, pendulamu, sheria ya Hooke, lenzi na vioo, kipimo cha pH, kusawazisha milinganyo ya kemia. Baadhi yamefasiriwa Kiswahili. Kila moja linapakuliwa kama faili la HTML, mengi ni MB chache tu, na baada ya hapo halihitaji mtandao. Kwenye simu faili hilo likifunguliwa na kile kisomaji cha HTML kilichokuja na simu, mara nyingi linatoka ukurasa mweupe. Si faili bovu. Libonyeze kwa muda, chagua kufungua na Chrome au Firefox.

PhET haifundishi mkono, na hili nalisema kwa msisitizo. Kusoma bureti (mrija wenye vipimo wa kudondoshea kimiminika) usawa wa jicho, kukoroga chupa huku unadondosha tone moja moja, kujua rangi imebadilika kweli au ni kivuli, hayo yanataka maabara halisi. PhET ifanywe kabla ya siku ya maabara, ili dakika chache za kushika kifaa zisiishie kwenye kuuliza kifaa ni cha nini. Vijana wanne wakigombania bureti moja, aliyekuja anajua anachotafuta ndiye atakayefaidika.

Kwa kinachofundishwa kwa video na mazoezi, Khan Academy inafaa kwa Hisabati na sayansi, ila imepangwa kwa mtaala wa Marekani. Asiifuate kwa mpangilio wake. Achukue orodha ya mada kutoka kwenye muhtasari wa TIE, atafute mada moja moja. Na kwa kuwa mtandao wenu ni mdogo, aipate kupitia Kolibri, sio moja kwa moja. Wenye ufundi wataeleza.

Walimu wenzangu mliopo humu: vile vishikwambi tulivyokabidhiwa baada ya Sensa ya 2022 vinafungua PhET na Kolibri bila shida. Vipeni kazi.

---

Chilonwa_Kati ameandika:

Asante sana Mwalimu, na Mkutubi. Hiyo Kolibri inafanyaje kazi bila mtandao? Na huyu wa Python, kompyuta ya RAM GB 4 inatosha?

---

Fundi_Majengo amejibu:

Mkuu, Kolibri ni programu ya bure ya shirika la Learning Equality. Unaisakinisha kwenye kompyuta moja, unaingiza masomo mara moja ukiwa na intaneti, na baada ya hapo kompyuta hiyo inakuwa seva, yaani inagawa masomo kwa vifaa vingine. Simu zilizo karibu zinaunganishwa nayo kwa waifai ya ndani, hazitumii hata MB moja ya bando. RAM GB 4 inatosha.

Hatua zenyewe:

Jumamosi mjini, pakua kisakinishi cha Windows na ukisakinishe hapohapo, usiondoke na faili tu. Ukifungua mara ya kwanza itakuuliza lugha; Kiswahili kipo kwa menyu, ingawa masomo ya Khan yatabaki Kiingereza, lugha ambayo sekondari anafundishwa nayo hata hivyo. Tengeneza akaunti ya msimamizi na uandike nenosiri kwenye daftari.

Nenda sehemu ya Kifaa, kisha Chaneli, kisha Ingiza. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanachagua chaneli nzima ya Khan Academy ya Kiingereza, ambayo ni makumi ya GB, waifai ya watu inakatika, na hawapati kitu. Fungua chaneli, chagua mada unazozitaka tu. Chini ya skrini inakuonyesha jumla ya ukubwa kabla hujabonyeza. Kwa saa mbili za waifai ya kawaida panga GB 2 au 3, zisizidi. Jumamosi inayofuata unaongeza. Zipo pia chaneli za CK-12 (vitabu na mazoezi ya bure ya hisabati na sayansi) na PhET humohumo.

Nyumbani, unahitaji kitu cha kutengeneza mtandao wa ndani. Ruta yoyote ya zamani inatosha, haihitaji laini wala kifurushi. Au washa hotispoti kwenye simu, zima data, unganisha kompyuta kwenye hotispoti hiyo. Kolibri itakuonyesha anwani yake, kitu kama 192.168.43.50:8080. Andika namba hizo kwenye kivinjari cha simu, pamoja na hiyo 8080 na nukta mbili zake.

Ikigoma simu kuona kompyuta, sababu karibu zote ni tatu. Ya kwanza Windows Firewall, ulinzi wa Windows unaozuia miunganisho: siku ya kusakinisha ilikuuliza kuruhusu, ukabonyeza hapana. Ingia mipangilio ya Windows Firewall, ruhusu Kolibri kwenye mitandao ya aina zote mbili, Private na Public. Ya pili, ruta imewashwa kitu kinachoitwa "AP isolation", ambacho kinazuia vifaa kuonana, kizime. Ya tatu, namba ya anwani imebadilika baada ya kuwasha upya, na wewe unaandika ya jana.

Kwa mwenye Python: asihangaike na programu nzito. Apakue Thonny, inakuja na Python ndani yake, ni nyepesi, na inaonyesha kila hatua ya programu inavyotembea na thamani ya kila kigeugeu. Akipenda Python ya kawaida kutoka python.org, kwenye dirisha la kwanza la usakinishaji kuna kiboksi kimeandikwa "Add python.exe to PATH". Kiwekewe alama. Kikiachwa, ataandika python kwenye dirisha jeusi, Windows itamwambia haijui kitu hicho, naye atadhani kompyuta ni mbovu. Kwenye simu kuna Pydroid 3, inafanya kazi bila mtandao na inatosha kwa mazoezi ya mwezi wa kwanza.

Takwimu: PDF ya kitabu cha Introductory Statistics cha OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice, bure kabisa na kwa halali. Excel kama haipo, LibreOffice Calc inafanya yote atakayohitaji katika hatua hii.

Kuhusu bando lenyewe. Video ya somo kwa ubora wa 360p inakula takriban MB 200 hadi 350 kwa saa, 720p inakaribia au kupita GB 1. Kwa mhadhara wa mtu anaandika ubaoni 360p inasomeka. Lakini mara nyingi bando halimalizwi na somo. Linamalizwa na Play Store kusasisha programu, WhatsApp kupakua video za magrupu yenyewe, na Windows kuvuta masasisho. Kwenye Play Store weka masasisho kwa waifai pekee. Kwenye Windows fungua mtandao uliounganishwa nao, washa "Metered connection". Tatizo ni kwamba hotispoti ya simu kwa Windows ni waifai kama nyingine, haijui kwamba ni bando mpaka uiambie. Na Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama Oktoba 14, 2025, kwa hiyo flashi zinazotoka kwenye steshenari zisichomekwe ovyo kwenye kompyuta hiyo.

Nafasi ya simu: memori kadi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, hata kama kadi ina nafasi tele. Hilo litawakuta mkitaka kuweka Wikipedia ya Kiwix, programu ya kusoma Wikipedia bila mtandao. Iandaliwe kwa exFAT, kwanza mkihamisha vilivyomo maana inafuta kila kitu. Wikipedia ya Kiswahili ni ndogo, ya Kiingereza kamili na picha ni zaidi ya GB 100, hiyo msahau. Kuna vifurushi vya mada kama Fizikia na Kemia peke yake.

Na kabla hamjaondoka mjini: weka simu hali ya ndege, fungua kila faili mlilopakua. Faili lililoishia asilimia 98 linaonekana kama lipo.

---

Dada_Area_D amejibu:

Naongezea upande wa vyeti, kwa sababu vijana wengi hapa mjini wanaambatanisha vyeti vya mtandaoni bila kujua vinahesabiwaje.

Vyeti vya kozi fupi, iwe vya Saylor, freeCodeCamp, Coursera au CS50, ni ushahidi wa mafunzo. Sio astashahada wala stashahada. Havimpatii mtu nafasi ya chuo mahali pa alama za kidato cha sita. TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) inashughulikia utambuzi wa shahada za nje, NACTVET (baraza la elimu na mafunzo ya ufundi) stashahada na vyeti vya ufundi, na hivi vya kozi fupi havipelekwi huko. Kwenye Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira vinawekwa kwenye sehemu ya mafunzo na warsha. Ukivijaza kwenye sehemu ya elimu unajiharibia maombi mwenyewe.

Kwa hiyo kama kuna kuchagua kati ya vyeti kumi vya saa mbili mbili na kimoja chenye kazi za kuonyesha, chagua kimoja. Programu aliyoiandika kijana na ikawa GitHub, au jedwali la bei za mahindi na alizeti alilolichambua na kuliwekea maelezo, mwajiri anaweza kulifungua akaliona. Cheti cha kuhudhuria hakimwonyeshi chochote.

Alison watu wanaipenda, kozi ni bure kweli, ila matangazo ni mengi na cheti unalipia. Isomwe kwa maarifa, cheti kiachwe.

Na jambo la kulizingatia sana: hakuna kozi halali ya bure inayodai "ada ya kuchakata cheti" kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Wala usimlipe anayekuuzia kwenye WhatsApp folda ya PDF za TIE au NECTA. Vitu hivyo viko wazi kwenye tovuti zao zenyewe. Ukiombwa PIN ya pesa za simu, hapo toka.

---

Mzabibu_Hombolo amejibu:

Kwa wanaofuata uzi huu upande wa kilimo, FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) wana eLearning Academy, kozi zote bure, zinatoa beji ya kidijitali baada ya jaribio la mwisho. Zipo za udongo, maji, upotevu wa mazao baada ya kuvuna, usalama wa chakula. Nyingi zinapakuliwa zikasomwa bila mtandao. Ni za dunia nzima, kwa hiyo aina za mbegu na nafasi za kupandia msichukue huko. Kwa zabibu ulizeni kituo cha TARI Makutupora, ndipo utafiti wa zao hilo unapofanyika.

Wanafunzi wa vyuo wanaokwama kwenye makala za kisayansi za kulipia: ulizeni maktaba ya chuo kuhusu Research4Life. Ndani yake kuna Hinari ya afya na AGORA ya kilimo. Taasisi za nchi kama yetu zinapata bure, lakini nenosiri ni la taasisi, linatolewa na mkutubi. Mtu binafsi hajisajili.

---

Chilonwa_Kati ameandika:

Wakuu, hii ni zaidi ya nilichotarajia. La mwisho: wa kidato cha sita aanze na CS50x moja kwa moja, au kuna kitu cha kutangulia? Kiingereza anasoma vizuri ila kusikiliza Wamarekani wanaongea haraka kunamshinda.

---

Fundi_Majengo amejibu:

Mimi ningetanguliza CS50P, kozi ya Python ya walewale, cheti chao nacho ni bure. CS50x inaanza na Scratch (kupanga programu kwa kuburuta vipande vya picha), halafu wiki ya kwanza tu inaingia lugha ya C, na mambo ya memori kwenye wiki ya nne yanawaangusha wengi ambao hawajawahi kuandika programu.

---

Mkutubi_Makulu amejibu:

Hapa napingana kidogo na Fundi. Kama ana miezi miwili mitatu mbele yake na anakwenda kusoma kompyuta chuoni, aanze CS50x, maana C ndiyo itakayomwonyesha kompyuta inavyofanya kazi kwa ndani, na ana muda wa kuhangaika nayo. Kama chuoni anakwenda takwimu, uchumi au mipango, basi CS50P kama alivyosema Fundi, kisha kozi fupi za Kaggle Learn za Pandas (zana ya Python ya kuchambua data) na kuchora grafu.

Kusikiliza: asome manukuu ya maandishi ya mhadhara kwanza, aandike maneno mapya, ndipo asikilize sauti kwa kasi ya 0.75. Kwa wiki mbili za mwanzo aongeze BBC Learning English, vipindi vya dakika sita vyenye maandishi yake, vinapakuliwa kama sauti na PDF.

Mazoezi ya CS50 yenyewe yanafanyika kwenye mazingira yao ya mtandaoni. Aandike programu kwenye Thonny wiki nzima nje ya mtandao, akifika mahali penye 4G anakili maandishi, anajaribu kwa amri yao ya kukagua, anatuma. Kutuma kunachukua data kidogo sana. Kinachochukua muda ni kufungua mazingira hayo mara ya kwanza, kwa hiyo afanye hilo mjini, Jumamosi ya kwanza, pamoja na kutengeneza akaunti ya GitHub. GitHub inataka uthibitisho wa hatua mbili kwa wanaoandika programu. Ile orodha ya namba za akiba wanayokupa aichapishe au aiandike kwenye karatasi, isikae kwenye simu hiyohiyo. Simu ikiharibika bila namba hizo, akaunti na kazi zote zilizotumwa zinaweza kufungika.